Siku Breki Alipoitwa Shuleni

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, kwenye kona ambapo barabara ya lami inakutana na ile ya vumbi. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na kila mtu ana sehemu yake ingawa hakuna aliyegawa. Kushoto anakaa Wembe, kinyozi wa chumba cha jirani, kwa sababu kutoka pale anauona mlango wake mteja akiingia. Katikati anakaa Karani, aliyestaafu ofisi ya ardhi na bado hatoki nyumbani bila kalamu mbili mfukoni. Kulia ni pa Breki. Mbele yetu, juu ya kigoda, anakaa Shangazi na birika lake la kahawa; si shangazi wa yeyote kati yetu, ila ametukaripia kwa miaka mingi kiasi kwamba cheo kimemkaa. Mimi nakuwa ndani ya kibanda na sindano yangu, mikono kazini, masikio benchini.

Asubuhi hiyo Breki alichelewa, na alipotokea tuligeuka wote. Alikuwa amevaa koti. Koti la jeshi, la kijani kilichofifia, limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate, na vifungo viwili vya chini vimeachwa wazi kwa sababu tumbo halikukubaliana navyo.

— Nani kafa? akauliza Wembe.

— Hajafa mtu. Nimeitwa shule.

— Kwa umri huo?

— Kaa vizuri, sogea, koti lisikunjike. Mke wangu kaamka alfajiri kulipiga pasi.

Nieleze kidogo hapa. Mtaa mzima unajua kwamba Breki alikwenda vitani akiwa na miaka ishirini na mbili, akarudi na viungo vyake vyote, akaoa, akaendesha gari la manispaa la kunyonya maji ya vyoo kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa gari hilo akasomesha watoto wanne. Jina la Breki alilipata hapa hapa benchini, kwa sababu hadithi ya mtu ikianza kwenda kasi yeye humwambia, "Shika breki." Tusichokijua ni alifanya nini huko vitani. Ukimwuliza husema, "Nilikuwa dereva," kisha anapuliza kahawa yake. Sasa wewe unajua watu wa benchi. Pale alipoacha wazi sisi tulijaza, na kwa miaka tuliyokaa naye tulikuwa tumeshampa vifaru viwili, jeraha moja la siri na mchumba wa upande wa adui.

Breki akatoa karatasi mfukoni, akampa Karani, maana karatasi zote za mtaa huu husomwa na Karani.

— "Kwa heshima kubwa," akasoma Karani kwa sauti ya ofisini, "mwalimu wa darasa la nne anakualika saa nne asubuhi kuwaelezea wanafunzi habari za vita kama mtu uliyeshiriki, hususan jinsi ulivyoiangusha ndege ya adui."

Akarudia "hususan" mara ya pili, kwa raha yake mwenyewe.

— Uliangusha ndege? nikauliza kutoka kibandani.

— Sikuangusha ndege.

— Sasa nani kawaambia?

— Mjukuu wangu. Kasimama mbele ya darasa, kaeleza mpaka rangi ya moshi.

— Na yeye kaambiwa na nani?

Shangazi alikuwa anamtazama Wembe, na Wembe alikuwa anakitazama kikombe chake kwa mapenzi makubwa.

— Wembe.

— Naam, Shangazi.

— Mbona umeinama?

— Nakunywa.

— Kikombe hakina kitu tangu saa ile.

Wembe akakiweka chini.

— Sikilizeni, akasema. Yule mtoto analetwa kwangu kila mwisho wa mwezi kupunguzwa nywele, na kichwa chake hakitulii. Anageuka kuangalia kila baiskeli inayopita. Nikiwa na wembe mkononi nifanyeje? Nikamwambia kuhusu babu yake. Nilianza na ndege moja tu, ndogo.

— Ndogo, akasema Breki.

— Ilikuwa ndogo mwanzoni. Nilipomaliza upande wa kushoto ilikuwa imeshapata injini ya pili.

— Na moshi?

— Moshi ulikuja nilipofika kisogoni. Kisogo kina kazi.

Tungecheka zaidi, lakini Breki hakucheka. Alikuwa ameshika magoti yake mawili kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

— Ninyi mnacheka, akasema. Nikisema kweli, mtoto anakuwa mwongo mbele ya wenzake thelathini na nane. Nikisema uongo, mwongo ninakuwa mimi, mbele ya mwalimu, na koti la serikali mwilini. Sasa hivi ni saa mbili na nusu. Nina saa moja na nusu. Mmeniingiza, nitoeni.

Hapo benchi likakaa sawa. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tumepewa kazi.

— Rahisi, akasema Wembe. Ulikuwa juu ya gari na bunduki kubwa.

— Dereva hakai juu ya gari.

— Gari liliharibika, ndiyo ukapanda juu.

— Mimi nashauri tuachane na ndege kabisa, akasema Karani. Ndege ina namba ubavuni, ina kumbukumbu, mtu mwenye muda anaweza kuitafutia faili. Tuseme uliteka kikosi. Kikosi hakina namba ubavuni.

— Kikosi kizima nakiteka na nini?

— Kwani ulikuwa umebeba nini kwenye hilo gari?

Breki akatazama barabarani. Nadhani ni lile koti lililomfanya ajibu.

— Maji, akasema.

— Maji gani?

— Maji ya kunywa. Tangi la lita elfu tano. Asubuhi kisimani, mchana kwa askari, jioni kisimani tena. Hivyo tu, mwaka mzima na miezi miwili.

Miaka yote hiyo mimi nilikuwa na hakika ni mizinga. Kusema kweli niliona kama nimeibiwa kitu. Lakini Wembe hakai chini kwa muda mrefu.

— Basi jibu hilo hapo, akasema. Ndege imeshuka chini, wewe unafungua bomba, unampiga rubani maji ya uso. Haoni kitu. Anagonga mlima.

— Kuna kioo mbele ya rubani.

— Kilikuwa wazi. Kulikuwa na joto.

— Dawa ya usingizi, akasema Karani, na kalamu moja ilikuwa imeshatoka mfukoni. Unatia dawa kwenye tangi. Unaliacha gari mahali, unajificha. Adui anakuja, anakunywa, analala. Mnakuja kuwaokota kama magunia. Watu mia mbili, hakuna risasi hata moja. Na ni jambo la kufundisha watoto, maana halina damu.

— Jenerali wao akaja mwenyewe kuomba maji, nikasema mimi, kwa sababu sindano ilikuwa inakwenda na mimi sikutaka kubaki nyuma. Ukamwambia, maji yapo, lakini vua buti kwanza. Akavua. Jenerali bila buti ni mzee wa kawaida tu. Akasalimu amri pale pale.

— Na jeshi lake likasalimu amri nyuma yake, akasema Karani akiandika.

— Kwa hiyo ni huyu aliyemaliza vita, akasema Wembe. Jamani, tumekaa na mtu mkubwa hapa na tunambana mwisho wa benchi.

— Shika breki, akasema Breki.

Akageukia birika, Shangazi akamjazia bila kuulizwa.

— Ndege niliiona mara moja, akasema. Ilikuja kwa chini. Niliingia chini ya gari nikalala kifudifudi, pua kwenye oili. Ikapita. Hivyo ndivyo nilivyopambana na ndege.

— Hiyo si mbaya, akasema Wembe. Ikitiwa chumvi kidogo tu.

— Watoto wako wakubwa, akauliza Shangazi, uliwahi kuwasimulia chochote?

— Hawakuniuliza vita. Walikuwa na kazi ya kulificha gari.

Hilo nalijua, nililiona kwa macho yangu. Zamani kibanda changu kilikuwa karibu na shule. Breki alikuwa anawapeleka watoto asubuhi na lile gari kubwa la majitaka, wanne wamebanana mbele kama vitabu kwenye kabati. Siku moja yule mkubwa, msichana ambaye leo ni muuguzi, alimwomba baba yake asimamishe gari kona moja kabla ya lango, eti anataka kunyoosha miguu. Breki hakuuliza. Tangu kesho yake akawa anasimama kona ile bila kuambiwa, anawashusha, anangoja waingie langoni ndipo anawasha injini, ili ule mngurumo usiwafuate. Miaka minane. Na jioni alioga nje ya nyumba kwanza, sabuni ya kipande na ndoo aliyoachiwa na mkewe mlangoni, kabla hajamgusa mtoto.

— Huyu mjukuu, akasema Breki, ndiye wa kwanza katika nyumba yangu kusimama mbele ya watu na kunitaja kwa kujivuna. Na amesimama juu ya ndege ya Wembe.

Wembe akajikuna shingo.

— Nisamehe, mzee mwenzangu.

— Sijaja kusamehe. Nimekuja kuuliza niseme nini.

Tukahangaika mpaka saa tatu na nusu. Karani alimwandikia ukurasa mzima wenye vichwa vya habari na mistari chini yake. Breki akaukunja, akautia mfukoni kwa adabu, akasimama, Shangazi akamfuta vumbi la benchi kwenye makalio ya koti kwa kanga yake, akaenda zake.

Kwa kawaida Shangazi huondoka saa nne kuwapelekea kahawa mafundi wa gereji. Siku hiyo saa nne ilipita yuko pale pale.

— Mafundi wako wanakungoja, nikamwambia.

— Wana mikono. Wachemshe chai.

— Atasema ndege, akasema Wembe. Akiwaona wale watoto wamekodoa macho, atasema ndege. Mimi nawajua watoto wanavyokodoa.

— Atasoma karatasi yangu, akasema Karani.

— Karatasi yako ina "hususan" tano. Atakuwa bado anasoma wakitoka shule.

— Atasimama langoni arudi nyumbani, nikasema mimi, na moyoni niliogopa kwamba ni kweli.

Mteja wa Wembe alifika, akamkuta kinyozi amekaa hasogei, akaambiwa nywele zake bado fupi, arudi kesho. Kwangu akaja mtu mgeni, sijawahi kumwona mtaani, kiatu chake cha kulia kimefungua mdomo mbele. Nikamwambia akae ukingoni mwa benchi nikishone, akakaa, mguu mmoja kiatu, mmoja soksi. Shangazi akampa kahawa.

Breki alirudi saa sita kasoro. Koti lilikuwa mkononi, shati limelowa mgongoni. Akakaa mahali pake, akanywa kikombe kizima kabla hajasema kitu, nasi tukamwacha anywe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

— Wembe, akasema mwishowe.

— Naam.

— Jiandae. Mchana utapata wageni.

— Wageni gani?

— Darasa la nne.

— Umewaambia nini wewe?

— Mtoto wa kwanza kunyoosha mkono kauliza ndege. Hata sijakaa. Nikamtazama mjukuu wangu, yuko safu ya pili, kajishika mikono, macho hayatoki kwangu. Nikasema: mjukuu wangu amewaeleza kitu alichoambiwa na mtu mzima, na mtoto anayemwamini mtu mzima hana kosa. Kosa ni la mtu mzima. Wakauliza, ni nani huyo. Nikasema ni kinyozi. Kila aliyenyolewa na yeye anyooshe mkono. Ikanyooka mikono ishirini na sita.

Shangazi aliweka birika chini ili acheke vizuri. Karani alitoa kitambaa akafuta miwani. Hata yule mgeni alitabasamu ndani ya kikombe.

— Kumbe kila mmoja ana ndege yake, akaendelea Breki. Mmoja kaambiwa fundi viatu alikuwa mwanamasumbwi.

Nikamtazama Wembe.

— Kichwa kilikuwa kigumu, akasema.

— Kwa hiyo mjukuu wangu akatoka salama. Lakini walikuwa wananingoja, unajua. Wamekaa wima. Karatasi ya Karani nikaona siiwezi. Nikawaambia kitu ambacho sijamwambia mtu.

— Hata mkeo?

— Hata mke wangu.

Akasimulia. Nitaandika kama alivyosema, isipokuwa tulipomkatiza.

— Ulikuwa mwezi wa tatu wa vita. Barabara hazikuwa na vibao, kwa sababu vibao tuliving'oa wenyewe ili adui apotee. Tukapotea sisi. Mimi nilifika penye njia panda, nikakuta njia yangu ya kila siku imezibwa na lori lililoungua. Nikashika ya kulia, nikidhani nitazunguka. Nikaendesha saa nzima. Nikatokea kwenye korongo kavu, mara wakatoka askari vichakani, watu kama arobaini. Vumbi limewajaa kutoka kofia mpaka miguuni. Mtu akijaa vumbi hana rangi ya jeshi lolote.

— Hawakukuelekezea bunduki?

— Bunduki walikuwa nazo, lakini macho yao yalikuwa nyuma ya gari. Bomba la tangi langu lilikuwa linadondosha maji tangu nilipokabidhiwa. Wote wanatazama lile tone. Basi mimi nikafanya nilichokuwa nafanya kila siku. Nikashuka, nikazunguka nyuma, nikafungua bomba.

— Wakarukia.

— Hapana. Walikuja taratibu, kama watu wanaoingia kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kofia za chuma, vikopo, wengine viganja. Kulikuwa na mmoja ana kidonda mguuni, wenzake wakampisha. Nikainama nimshikie mguu ausafishe. Ndipo nikaona buti. Sisi kamba zetu zilipita kwenye matundu. Zake zilipita kwenye ndoano.

— Za shaba au za chuma? nikauliza. Sikuweza kujizuia.

— Za chuma. Nikainua macho. Mkubwa wao amesimama pembeni na kikombe, anasoma namba ya gari langu. Tulijua wakati mmoja, mimi na yeye.

Shangazi akavuta kigoda mbele.

— Ukafanya nini? akauliza Shangazi.

— Sikufanya kitu. Maji yalikuwa yanatoka. Na yeye hakufanya kitu. Akamaliza kikombe chake. Akangoja wa mwisho ajaze. Kisha akaja mwenyewe, akafunga bomba, akalikaza kwa mikono miwili mpaka likaacha kudondosha. Akanionyesha kwa kidole nilikotoka. Nikaingia garini. Sijawahi kugeuza gari vibaya kama siku ile, jamani. Korongo jembamba. Mara saba mbele, mara saba nyuma. Mpaka askari wao mmoja akaja kunielekeza. Njoo, njoo, kata kulia, simama, haya nenda.

— Adui anakuelekeza.

— Kwa mikono miwili. Na alikuwa anajua kazi, angekuwa tandiboi mzuri wa lori. Nikaondoka, mgongo wote unawasha, nangoja risasi. Haikuja. Nikafika kwa wenzangu na tangi karibu tupu. Sajini akauliza, maji yako wapi. Nikasema tangi linavuja. Akaenda nyuma kuangalia bomba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake lile bomba lilikuwa kavu kabisa.

Karani akaanza kucheka kabla yetu sote.

— Akanipa wiki mbili za kuchimba vyoo vya kambi. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye fani. Amani ilipokuja, manispaa wakauliza nani ana uzoefu wa mambo ya vyoo, nikanyoosha mkono. Watoto walicheka hapo mpaka mwalimu akagonga meza.

— Na mjukuu?

— Alicheka kuliko wote. Kanisindikiza mpaka langoni, kanibebea koti. Kaniambia, babu, ile ya maji ni nzuri kuliko ndege. Kisha kafikiri. Kasema, lakini ndege ungeiacha ipite japo kwa mbali.

— Huyo ni wangu, akasema Wembe. Huyo nimemlea kwenye kiti changu.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini Breki alikuwa anazungusha kikombe kitupu kwenye goti, na hakuwa ametulia.

— Mmoja kauliza, akasema. Kijana mdogo wa nyuma, ana miwani. Kasema, kwa hiyo ulimsaidia adui? Mwalimu akakohoa, akasema muda umekwisha, tumpigie makofi mgeni wetu. Wakapiga. Lakini yule mtoto hakupiga. Alikuwa bado ananingoja.

— Watoto wa siku hizi, akasema Karani.

— Kauliza sawa. Kuna kipande sikuwaambia. Kesho yake, kabla jua halijatoka, tulishambuliwa. Waliuawa tisa. Wanne kati ya hao nilikuwa nawajazia maji kila mchana. Majina yao wote sikuyajua, lakini vikopo vyao nilivijua. Kimoja kilikuwa cha maziwa, kimekunjwa mdomo. Kimoja kina mpini wa waya.

— Ni wale wale waliowashambulia? akauliza Shangazi kwa sauti ya chini.

— Sijui. Hakuna aliyejua. Ndiyo maana nikikaa hapa mkinipa vifaru nanyamaza. Vifaru ni vyepesi.

Halafu Wembe akasogea karibu naye, na sauti yake haikuwa ile ya kutania.

— Hawakuwa wale. Mtu akishanywa maji vile haendi kupigana. Wale walikwenda nyumbani. Walivua magwanda kichakani wakaondoka wote arobaini, na yule wa kidonda leo ana duka.

— Duka la nini?

— La kunyoa. Ananyoa watoto, anawaambia habari zako.

— Kuna suala la umbali, akasema Karani, na sasa kalamu zote mbili zilikuwa mkononi. Uliendesha saa nzima kwenda kule, barabara mbaya. Kwa miguu, na majeruhi, hawawezi kufika kwenu alfajiri. Haiwezekani. Naweza kukuchorea. Tena hata usingefungua wangefungua wenyewe, na wewe wangekuacha pale pale umekufa. Kwa hiyo maji yangenywewa kwa hali yoyote. Tofauti pekee ni wewe, na watoto wanne, na huyo mjukuu.

— Na buti za ndoano, nikasema mimi, hazikimbii usiku. Ndoano zinakamata nyasi. Yeyote aliyewashambulia alikuwa na viatu vingine. Nakuambia kama fundi.

Hilo la ndoano nililibuni pale pale, na nilikuwa tayari kuliapia.

— Yule mkubwa wao, akasema Shangazi, alikataa amri. Aliambiwa kesho twende, akasema siendi huko, huko kuna mtu wangu. Wakampokonya cheo. Wakatafuta kikosi kingine.

— Kabisa, akasema Wembe. Akafungwa.

— Akafungwa miaka miwili, akasema Karani.

— Shika breki, akasema Breki, lakini taratibu, na aliuweka mkono wake kwenye goti la Wembe kidogo kisha akauondoa.

Yule mgeni alikuwa ameweka kikombe chake chini kando ya mguu wenye soksi.

— Samahani wazee wangu, akasema. Mimi ni mpita njia tu. Lakini nilitaka kumwuliza mzee. Kama ungeziona zile buti kabla hujashuka garini, ungelifungua lile bomba?

Wembe akafungua mdomo, ukabaki wazi. Karani akatazama kalamu zake, moja, kisha nyingine. Shangazi alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe cha Breki. Akalirudisha wima bila kumimina. Sote tukamgeukia mwenye jambo. Breki alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ameufungua juu ya koti. Midomo yake ilisogea mara moja kama mtu aliyepata pa kuanzia, kisha ikatulia.

Nikakata uzi, nikakipiga kiatu mara mbili kwenye goti, nikampa mwenyewe. Akakivaa, akafunga kamba, akanishukuru. Hakuondoka. Alikuwa bado anangoja jibu.